Joto la Bati na Dari ya Povu

Nani kati yetu asiyelijua joto la nyumba ya bati wakati wa kaskazi? Hapa Bububu, tangu Desemba mpaka Machi, jua likifika utosini bati huwa kama kikaango, na alasiri ndani hapakaliki. Mwenye nguvu zake huenda kukaa chini ya mwembe. Lakini mgonjwa wa kitandani aende wapi?

Jambo hili lilinigusa kwa ajili ya mama yangu. Mwaka 2019 tuliezua makuti ya nyumba yake tukapaua mabati, sisi watoto wake sote tukichanga. Hatukujuta, maana makuti hudai kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na bati likitiwa mfereji hukupa maji ya mvua pipa tele. Lakini Mama alipougua miguu, akawa hatoki chumbani, alianza kutuambia, "Wanangu, nirudishieni makuti yangu." Mshumaa aliouweka mbele ya picha ya Bikira Maria ulikuwa ukiinama wenyewe kila alasiri, bila kuwashwa. Kaka yangu alisema Mama anadeka tu. Mimi niliutazama ule mshumaa nikaona asema kweli.

Yafaa kujua sababu. Bati ni jembamba. Jua likilipiga juu, mara hiyo hiyo na chini lapata moto, na moto ule hushuka vichwani mwetu, kama mtu asimamapo karibu na tanuri la mikate ingawa hakuligusa. Makuti hayako hivyo. Ni tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mna hewa iliyotulia, na hewa isiyotembea huzuia joto sana. Waliojenga Mji Mkongwe walipita njia nyingine: kuta nene za mawe na chokaa, ambazo hukawia kupata moto. Asiyeamini apande hapo Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, aweke kiganja ukutani. Lakini sisi mawe ya kifalme tutayatoa wapi?

Basi kipo kitu cha kuturudishia ile hewa ya makuti chini ya bati. Ni mbao za povu gumu, lile jeupe jepesi ambalo friji na televisheni hufungiwa zisivunjike njiani. Karibu lote ni hewa iliyofungwa ndani ya vipovu vidogo mno. Nilinunua mjini mbao zenye unene wa sentimita 5, nikafanya kazi na mpwa wangu kwa siku tatu, tangu alfajiri mpaka saa tatu tu, kwani baada ya hapo hakuna awezaye kukaa juu kule.

Tulipima nafasi kati ya kenchi na kenchi, tukakata kila ubao uzidi kidogo sana ili uingie kwa kubana. Kisu kirefu chenye makali chatosha. Msumeno humwaga punje nyeupe, na kuku huzidonoa wakidhani ni mchele! Ubao hatukuugusisha na bati. Tuliacha nafasi ya vidole vinne, hewa ya moto ipate kupanda na kutoka kwenye matundu ya kipaa, nayo tuliyafunika kwa wavu ili popo na panya wasiingie. Chini tulipigilia vipande vyembamba vya mbao vishikilie, nyufa tukaziba kwa utepe. Gundi tulitaka ile ya maji, maana yenye harufu ya petroli huliyayusha povu kama sukari katika chai.

Sasa lipo neno ambalo sitaki mtu alipite haraka. Povu hushika moto, na moshi wake mweusi ni sumu. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba lake haliungui. Nilichukua kipande nje, nikakitia kiberiti mbele yake, akanyamaza. Kwa hiyo jikoni msiliweke kabisa. Waya za umeme tulimwita fundi wake azipitishe ndani ya mabomba, mbali na povu. Kisha chini yake tulifunika dari ya bodi za jipsamu, nazo hazishiki moto upesi. Povu lililoachwa wazi juu ya kitanda cha mtu asiyeweza kukimbia, mimi sitakubali kuliona, hata kama fedha ya bodi imepungua. Heri kungoja mwezi mwingine.

Na asiye na fedha ya povu apake bati lake rangi nyeupe kwa juu. Weupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujawa joto. Haufikii povu, lakini tofauti utaiona.

Mama hakusema mengi. Siku ya nne tulimkuta amelala usingizi saa nane mchana, jambo ambalo tangu Krismasi hatukuliona. Kaka alikaa mlangoni akiitazama dari, mwisho akaniuliza bei ya ubao mmoja. Masika yalipoingia, Mama akapata lalamiko jipya: ati sasa hasikii mvua ikianza, na nguo zinaloa kambani hakuna wa kuita watoto.