Ncha na Mkono

Likizo iliyopita, mjini Wote, niliipoteza nauli yangu ya kurejea chuoni katika meza ya pool. Fimbo iliteleza juu ya mpira mweupe, mpira mweusi ukabaki pale pale. Nikailaumu ncha: ati ni ngumu mno, haishiki chaki. Nilikopa, nikafika Kitui kwa mjomba, nikabandika ncha laini ya ngozi. Ikateleza vile vile.

Mjomba, mchezaji wa siku nyingi, alinitazama kisha akanena: “Mpwa wangu, ncha laini hushika chaki vyema ila hubonyea upesi, ngumu hudumu. Hayo ni madogo. Wewe huinuka kabla fimbo haijafika, ukaugonga mpira ukingoni. Hapo ncha yoyote itateleza.” Akanifunza kutuliza bega, kuinamisha kidevu hadi karibu na fimbo, na kuupiga mpira katikati, polepole, hadi jua likachwa.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nimekwisha kubadilisha nadharia ya tasnifu yangu mara mbili. Sasa msimamizi anaponirudishia sura, siilaumu nadharia; kwanza nautazama mkono wangu.