Tundu Mbele, Ekseli Nyuma
Pikapu ya baba mdogo, kule Kasese, ndiyo inayonilipia ada. Likizo iliyopita aliifunga matairi makubwa kwa ajili ya njia za matope; ya nyuma yakawa yanakwaruza bodi kwa mbele. Fundi akaamua kuisogeza ekseli nyuma sentimita 3. Akanipa kazi: kutoboa tundu jipya la boliti ya kati kwenye kikalio cha springi, juu ya ekseli. Nikaelekeza drili nyuma ya tundu la zamani. Akanishika mkono.

"Springi haisogei. Toboa mbele, ekseli irudi nyuma. Na pande zote zilingane, la sivyo gari litakwenda upande."

Nilitetemeka. Sasa, kabla ya kujibu swali darasani, najiuliza kwanza: kipi kimetulia, kipi kinasogea?