Kaa wa Caernarfon

Tembea uone, walinena wahenga. Nilitembea, nikaona, na niliyoyaona yakanirejesha nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa.

Dada yangu anaishi na jamaa yake Caernarfon, kaskazini magharibi mwa Wales. Likizo ya shule ilipowadia, nilijiunga nao katika matembezi yao. Siku ya kwanza tulizuru ngome iliyo kando ya maji. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alianza kuijenga mwaka 1283, baada ya kuwashinda Wawelisi, nao mji uliozungushiwa ukuta ukakusudiwa walowezi wa Kiingereza. Nilipoitazama minara yake niliikumbuka Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Majumba yote mawili yalijengwa ili kutisha. Leo watoto hupanda ngazi zake wakicheka. Ngome ya Caernarfon na kuta za mji ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1986.

Lakini kilichonishangaza zaidi si mawe. Ndani ya kuta hizo za mshindi, lugha iliyotawala masikio yangu ilikuwa ya walioshindwa. Mchuuzi, dereva na watoto uwanjani, wote walizungumza Kiwelisi. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka saba, alikizungumza pia kwa ufasaha, kwani ndicho anachofundishiwa shuleni.

Siku ya pili tuliabiri garimoshi la mvuke, katika reli nyembamba inayokwenda Porthmadog, mwendo wa kilomita 40 hivi. Tulipita karibu na mlima mrefu kuliko yote ya Wales, wenye mita 1,085. Nikautaja kwa jina la Kiingereza, Snowdon. "Yr Wyddfa, Anko," mpwa wangu akanisahihisha. Baadaye nilifahamu kwamba mamlaka ya hifadhi iliamua mwaka 2022 kulitanguliza jina hilo.

Bibi mmoja aliyeketi mkabala nasi alimwuliza mtoto jambo kwa Kiwelisi. Mtoto akanifasiria kwa Kiingereza: bibi alitaka kujua lugha ya kwetu. "Kiswahili," nikajibu kwa fahari. Bibi akamwomba mtoto atamke maneno machache ya lugha hiyo. Mtoto akamtazama mama yake. Dada akatazama dirishani. Nami, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, nikakumbuka kwamba tangu nifike nilikuwa nikimsemesha mtoto yule kwa Kiingereza tu. Ningemlaumuje dada?

Jioni tulikwenda gatini, ambako watoto huvua kaa kwa uzi na kipande cha nyama. Mpwa wangu alimvuta mmoja, akapiga ukelele: "Cranc!"

"Kaa," nikamwambia.

"Kaa," akarudia. Kisha akaionyesha ndoo kwa kidole, akaninyamazia, akingoja.

"Ndoo."

Tuliendelea hivyo, uzi, maji, mawe, hadi baridi ikatufukuza.

Wenzangu, tunaandaa makongamano na kukisifu Kiswahili majukwaani, na ni vyema. Hata hivyo, Kiwelisi hakikuokolewa na hotuba peke yake. Kiliokolewa pia na watu waliokisema mbele ya watoto wao, chini ya kivuli cha ngome ya mshindi. Sisi wengi hatuna hata ngome ya kusingizia.