Binti alitaka kukata kompyuta, nikampa futi

Mzazi mwenzangu, kama una kijana aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo, unajua miezi ile ilivyo mirefu. Wapo wanaolala mpaka saa nne asubuhi. Wapo wanaopata vibarua vya hapa na pale. Wa kwangu, binti wa miaka 19, alijifungia chumbani na kompyuta.

Majirani walidhani ni gemu. Kumbe alianza kwa kutengeneza kadi za harusi na za ubatizo, kisha akajifunza Blender, programu ya bure inayoweza kuchora nyumba ukaiona kama picha iliyopigwa kwa kamera. Fundi ujenzi wa mtaani kwetu akawa anamletea ramani za wateja wake, ili mwenye kiwanja aione nyumba yake hata kabla msingi haujachimbwa. Kila nyumba alilipwa shilingi 40,000.

Tatizo lilikuwa mashine. Ni kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini huko nje, tukainunua Kariakoo. Kwa kuandika barua na kutunza hesabu haina shida. Kwa picha za nyumba, iliwaka usiku kucha kutoa picha moja. Umeme ukikatika saa tisa usiku, asubuhi anaanza upya.

Ndipo akaweka akiba kwa miezi saba na kununua kadi ya grafiki. Kwa wasioijua, hiyo ni kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina kumbukumbu yake na feni zake, na kazi yake kubwa ni picha. Yake ilikuwa GTX 1660 Super, toleo la mwaka 2019, tayari imeshatumika. Alilipa shilingi 350,000, na muuzaji akamhakikishia kuwa inaingia kwenye mashine yoyote. Akampa siku saba za kuirudisha, mradi isiwe na mkwaruzo na stika yake isibanduliwe.

Jioni ile kadi haikuingia.

Kasha la kompyuta za ofisi ni dogo kwa makusudi, likae chini ya meza bila kumsumbua mtu. Ndani, mbele kabisa, kuna kikapu cha bati kinachoshika hadi diski. Kadi ilifika pale ikagota. Kaka yake akaja na msumeno wa chuma, tayari kukata bati. Baba yao alipita mlangoni, akatazama, akasema neno moja tu: "Laki tatu na nusu." Akaendelea na safari yake.

Binti hakulia mbele yetu. Lakini alikuwa na kazi ya kukabidhi Jumamosi, na akiba yote ya miezi saba ilikuwa pale sakafuni.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 sasa. Kompyuta siijui. Ninachokijua ni kwamba nguo ikigoma kuingia, mtu hashiki mkasi kwanza. Anashika futi. Nilimwambia kaka mtu aweke msumeno chini, nikavua futi yangu shingoni, nikampa binti. "Pima, mwanangu. Kitu kwanza, halafu nafasi."

Kadi ilikuwa na urefu wa sentimita 24 na nusu. Kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kwenye kikapu cha bati ni sentimita 22. Kwa hiyo tulipungukiwa sentimita mbili na nusu, si zaidi. Hesabu hiyo peke yake ilituliza chumba. Dakika kumi kabla ilikuwa "haiingii". Sasa ilikuwa sentimita mbili na nusu.

Nikamuuliza swali ambalo ningeuliza kuhusu mkono wa gauni: hiki kimeshonwa au kimebandikwa? Akamulika kwa tochi ya simu. Kikapu kilishikwa kwa skrubu nne, hakikuchomelewa wala kupigwa ribiti. Kilikuwa kimewekwa ili kiweze kutoka. Msumeno ungeharibu bure kitu cha kufunguliwa kwa bisibisi, na vumbi lake la chuma lingemwagikia bodi kuu, ambako unga kidogo wa chuma unatosha kuleta shoti.

Tukapima na upana. Kadi kubwa kama hii hukalia nafasi ya sloti mbili, na ya pili ilikuwa na kadi ndogo ya waifai. Akaona kuwa hiyo angeweza kuihamishia sloti ya mwisho. Hadi diski nayo ingehamia juu, mahali palipokuwa tupu chini ya kisoma sidii.

Urefu na upana vikaisha. Nikamuuliza, "Na chakula chake?" Nilimaanisha umeme, maana hata cherehani ya mota haivuti sawa na ya mguu.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari kuliko bati. Sloti ya bodi kuu inatoa wati 75 kwa kadi. Kadi yake hutumia hadi wati 125. Zinazobaki huja kwa waya maalumu wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. Ya kwetu ilikuwa ya wati 280, na waya huo haukuwemo kabisa. Watengenezaji wa kadi hiyo wanashauri pawa saplai ya wati 450.

Kesho yake muuzaji mwingine akampa njia ya mkato: kigeuzi cha shilingi 8,000, unachomeka kwenye plagi ya umeme ya hadi diski, upande wa pili unapata pini 8. Binti akarudi nyumbani anasoma namba. Plagi ile ya hadi diski inahimili kama wati 54. Ya pini 8 imetengenezwa kubeba 150. Hakuhitaji niseme chochote. Nyumbani kwetu kila mtu anakumbuka ekstensheni iliyoyeyuka siku pasi, birika na jiko vilipochomekwa pamoja. Ni jambo lile lile, ila ndani ya boksi lililofungwa, usiku, watu wamelala. Kigeuzi kikabaki dukani.

Njia sahihi ilikuwa kununua pawa saplai ya wati 500. Aliangalia kwanza umbo la ile ya zamani na kuhesabu pini za plagi kubwa kwenye bodi kuu. Zilikuwa 24, za kawaida, kwa hiyo mpya ingekubali. Ni vizuri alihesabu, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisi zina plagi za aina yake zisizolingana na za dukani. Bei yake ilikuwa shilingi 85,000. Binti alikuwa na 12,000.

Zilibaki siku nne za kurudisha kadi.

Aliniomba nimsaidie kimya kimya, baba asijue. Pesa ningeweza kuitafuta. Lakini nilimwambia akazungumze na baba yake mwenyewe, na asiende mikono mitupu. Baba yao ni mtunza stoo. Ukimwendea na machozi anakuonea huruma. Ukimwendea na hesabu anakusikiliza.

Binti akachukua daftari langu la vipimo, ukurasa wa nyuma, akaandika. Nyumba ngapi alichora, alilipwa ngapi, kadi shilingi ngapi, pawa saplai shilingi ngapi. Akaandika pia kwamba akirudisha kadi atapata pesa yake yote, na kwamba akibaki nayo atachora nyumba nne kwa muda anaochora moja sasa. Upande wa kushindwa aliuandika, hakuuficha.

Baba mtu alisoma mara mbili. Akauliza, "Umepima?" Akajibiwa, "Nimepima." Akauliza tena, "Ikiungua?" Binti akamweleza habari ya wati 54 na wati 150. Mzee akanyamaza muda, kisha akasema, "Huu ni mkopo. Utalipa kwa awamu nne."

Alhamisi jioni kazi ikafanyika mezani kwangu. Kaka mtu alitaka kushika bisibisi, nikamwambia ashike tochi. Binti alizima, akachomoa waya ukutani, akagusa bati la kasha kuondoa umeme tuli mwilini, akaanza kufungua. Skrubu aliziweka kwenye visahani vyangu vya vifungo, kila sehemu na kisahani chake. Kadi ikaingia, na ikabaki nafasi ya kupitisha vidole mbele yake.

Alipowasha, feni zilizunguka lakini monita ikabaki nyeusi. Tuliokuwa tumesimama nyuma yake tulianza kusema wote kwa pamoja. Yeye akainama, akatazama nyuma ya mashine, akaona waya wa monita bado umechomekwa mahali pa zamani. Akauhamishia kwenye kadi, na picha ikaja.

Kazi ya Jumamosi ilikabidhiwa Ijumaa. Picha iliyokula usiku kucha sasa inatoka ndani ya saa moja.

Limebaki jambo moja la kuangalia, nalo linatokana na kazi yangu mwenyewe. Kasha dogo lenye kadi kubwa linapata joto, na feni zikivuta nyuzi na vumbi la vitambaa huziba upesi. Kwa hiyo mashine imehama kutoka chumba cha cherehani, imepandishwa juu ya stuli, haikai tena sakafuni, na kila mwisho wa mwezi binti anaizima na kuipiga brashi laini.

Wazazi wengi hukaa mbali na vitu vya vijana kwa kuwa hatuvijui. Tunabaki kukataza au kutoa pesa. Lakini fundi seremala anajua kipimo, mama lishe anajua moto, dereva anajua mzigo na injini. Maswali yetu yanafika mbali kuliko tunavyodhani: urefu gani, umeme kiasi gani, hiki kimefungwa kwa nini, ikishindikana unarudishiwa nini? Uliza, kisha mwache mtoto atafute jibu na kulifanyia kazi kwa mikono yake. Ukimnyang'anya bisibisi, umechukua na kazi yenyewe.

Mkopo umebaki awamu moja. Kila akilipa, baba yake anaandika kwenye daftari langu la vipimo, kati ya kiuno cha mteja na bega la mwingine, na wote wawili wanatia sahihi.