Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Kumbukumbu za Songea
Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na kwa watu wa Songea waliomiliki kompyuta nyumbani katika muongo wa kwanza wa karne hii, mfumo huo kwa kawaida ulikuwa Windows XP. Kuweka wa pili kando yake, ili mtumiaji achague mmojawapo kila awashapo mashine, kulianza na shida ya kuupata. Linux, ambayo kiini chake kilitolewa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuinakili, kuirekebisha na kuigawa, lakini nakala ya megabaiti 700 haikupakulika kwa urahisi kwa intaneti ya siku hizo. Ubuntu, toleo la Linux lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilituma CD bila malipo hadi kwenye sanduku la posta la mwombaji, utaratibu uliodumu hadi 2011, na kwa mji ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hiyo ilikuwa neema.

Hatari ilikuwa katika kugawa diski kuu. Ili mfumo wa pili upate mahali, sehemu ya Windows ilipaswa kupunguzwa, mafaili yaliyokaa mwishoni mwake yahamishwe, kisha jedwali la mipaka ya sehemu hizo liandikwe upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, picha za harusi na barua za familia ziliweza kupotea pamoja. Songea haikuwa bado imeunganishwa na gridi ya taifa, umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na kwa hiyo mwenye kompyuta mpakato, yenye betri yake, alithubutu mapema kuliko mwenye kompyuta ya mezani.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi anauona mwezi Aprili 2008 kuwa ndipo woga ulipopungua, kwa kuwa Ubuntu 8.04 ilikuja na Wubi, programu iliyouweka mfumo wote ndani ya faili moja kubwa katika Windows, bila kugusa mipaka ya diski. Hata hivyo, kilichowavuta majirani kilikuwa virusi vya flashi. Virusi hivyo vilificha makabrasha na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Linux haikuendesha programu za Windows wala haikujali alama ya kuficha, hivyo mwalimu aliyedhani mitihani yake imefutika aliiona yote ikiwa salama. Huduma hiyo ya kuokoa mafaili inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, iliifikisha gridi Songea. Sweden hiyohiyo ilikuwa imeusaidia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11 zimekosa njia rasmi ya kusonga mbele. Kwa mashine hizo Linux huweza kupewa diski nzima, na ule ugawaji uliokuwa ukiogopwa hauhitajiki tena.