Fito Nilizoshika

Wajukuu zangu,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mmoja wenu kazaliwa Kitale, mwingine Jinja, na Kikupsabiny chenu mkikisema wazee huinamisha vichwa wasicheke. Kiswahili mimi nilikiokota njia ya Suam, nikiswaga punda wa mahindi. Kitatutosha.

Macho yananiaga. Hapa Mbale madaktari wameniambia la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, basi niseme ningali nauona mstari.

Mwezi uliopita huyu wenu wa mwisho alikuja na kishikwambi. Amepata kibarua cha siku kumi cha kuhesabu kaya. Akaniuliza mizinga yangu ni mingapi, ng'ombe wangapi, mizizi gani tunachimba kwa tumbo la mtoto, mapango gani tulilala na mifugo zamani. Nikajibu yote, maana mtoto akipata posho na babu hushiba. Alipomaliza akabonyeza, akafunga mkoba. Nikamuuliza, "Maneno yangu yameenda wapi?" Akasema, "Kwenye wingu, Babu." Mimi nimezaliwa Mosop, juu ya msitu, mawingu yakiingia mlangoni asubuhi bila hodi. Sijaona wingu lililorudisha kitu.

Sikumgombeza. Mimi nilifanya zaidi ya hayo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka 1983 serikali ya Uganda ilitutengea sisi Wabenet hekta 6,000 ili tutoke msituni. Ilikuwa namba ya kukadiria. Mwaka 1993 Mlima Elgon ukafanywa hifadhi ya taifa, na safari hii ardhi ikapimwa kweli. Wapimaji walitaka mtu mwenye mapafu na anayejua njia. Niliwabebea mnyororo na fito, nikawatajia kila kijito na kila kilima kwa jina lake. Hesabu ilipotoka, ardhi tuliyokalia ikawa hekta 7,500. Zile 1,500 zikaitwa ziada. Ziada hiyo ilikuwa na viazi, na makaburi, na nyumba ya dada yangu. Nilisimamisha fito hatua chache kutoka jikoni kwake, mchana nikala ugali wake, na sikujua tunapima nini. Sikuuliza. Sikuomba nakala. Majina ya vilima vyetu yakaingia kwenye daftari la watu, daftari likateremka mlima, na hadi leo sijaliona.

Dada yangu hakunisema hata siku moja. Afadhali angenisema.

Baadaye ikaja kesi, Mahakama Kuu hapa hapa Mbale, kwa msaada wa shirika la Uganda Land Alliance. Tarehe 27 Oktoba 2005 ikatoka hukumu ya makubaliano kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa maeneo yale. Tuliimba njia nzima kupanda mlima. Mwaka 2008 watu wakaondolewa tena, na wapo waliozeeka kwenye vibanda vya muda. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama tungekuwa na vipimo vyetu wenyewe na orodha yetu wenyewe ya nani alikaa wapi. Labda isingesaidia. Lakini kila tulipoketi mezani, karatasi zote zilikuwa upande wa pili.

Hata kuhesabiwa kwetu ni kwa shida. Jedwali la makabila kwenye Katiba lina Sabiny, Benet hakuna. Anayefungua vitabu kututafuta hutukuta ndani ya jina la jirani.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Isomeni, nyinyi mmesoma. Inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinakusanywa kwa nini, kuziona, na kutaka zirekebishwe. Ila inamjua mtu mmoja mmoja, haiujui ukoo. Pango halina kitambulisho cha taifa. Dawa ya tumbo niliyomtajia kijana si yangu, ni ya bibi zenu wote, na hakuna aliyewauliza.

Wasan wa Afrika Kusini walichoka kuandikwa, hata damu yao ikisomwa na wataalamu wa mbali, ndipo mwaka 2017 wakatoa kanuni zao: mtafiti hupitia kwao kwanza, na majibu huwarudia. Waogiek wa Mau kule Kenya, mwaka 2006, walikutana Nessuit wakajenga mfano wa milima yao kwa tabaka za makaratasi, wazee wakapaka rangi msitu kama walivyoukumbuka. Fanyeni kama hao. Msingoje mradi wala fulana za bure. Kaeni na shangazi zenu, maana wao ndio wanaojua nani alizikwa wapi. Mtu akija na maswali, mpelekeni kwanza barazani, aseme nakala itabaki kwa nani. Akikataa, mpeni chai aende.

Na msiandike kila kitu. Nimeona ramani nzuri zikimwonyesha mgeni asali ilipo.

Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani yake mna daftari la kaya 41 ninazozikumbuka kabla ya 1983, kila nyumba na mto ilikochota maji. Tatu nimeziacha wazi, majina yamenitoka. Jazeni kwa kalamu ya wino.

Nawe wa mwisho, rudi kwa waliokuajiri ukaombe nakala ya majibu ya babu yako. Wakikuuliza ya nini, waambie mzee alikosea hesabu. Nilikutajia mizinga kumi na minne. Ni kumi na mitano. Huo mmoja shangazi yako anajua uko wapi.