Gemu la Zamani, Ndoa Mpya

Mabibi harusi mnaohamia mbali na kwenu, leo nawaletea habari ya gemu; msinicheke.

Nilipoolewa nikahamia Makutupora, Dodoma, kilichonitia unyonge si vumbi wala kukosa bahari. Ni jioni: mimi na mume wangu tulikuwa bado hatujajua la kuzungumza. Ndipo akanifungulia gemu la vichekesho analolipenda, Day of the Tentacle, la kubofya vitu na kufumbua mafumbo. Lilitoka 1993, mwaka 2016 kampuni ya Double Fine ikalitoa tena, picha zimechorwa upya na sauti zimesafishwa. Ukitaka sura ya zamani, unabonyeza kitufe tu.

Wahakiki wengi walilisifu kwa michoro na vichekesho. Baadhi walinung'unika kwamba mafumbo yameachwa vilevile, na mengine hayaeleweki. Kweli. Kuna pahala unahitaji mvua, na dawa yake ni kuosha gari la farasi! Mume wangu ndiye aliyenieleza: Wamarekani hutania kwamba ukishaosha gari tu, mvua inanyesha. Huku kwetu pakavu, mvua ya msimu mmoja, nilicheka mpaka machozi.

Hapo nawapinga wahakiki kidogo. Fumbo lile ni zito kwa aliye peke yake. Kwa wawili ni mazungumzo. Sasa nami namfundisha mizaha ya kwetu Unguja.

Bibi harusi, sanduku likijaa kanga na udi, bakisha nafasi ya mchezo wa kucheza na mumeo. Allah atutilie mapenzi majumbani mwetu. Amin.